Fidia Si Sadaka

Mfanyakazi akiugua, jirani huleta uji, jamaa huchanga nauli ya kwenda hospitali, na wanajumuiya humzuru jioni. Hayo ni matendo mema, nasi hatuna neno la kuyapunguzia heshima. Lakini yako madeni ambayo huruma ya majirani haiwezi kuyalipa, wala haistahili kubebeshwa. Ikiwa mtu ameugua kwa sababu mwajiri wake alimwacha avute sumu miaka nenda miaka rudi, tena mwajiri huyo akiwa na habari ya madhara yake, basi mgonjwa huyo si ombaomba. Yeye ni mdai. Mdaiwa yupo, na deni lipo. Hiyo ndiyo maana ya neno fidia, na ndiyo sababu tumeona vema kulitafakari katika kurasa hizi kwa kuangalia habari ya madini ya asbesto.

Tunaileta habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, wako Waafrika maskini waliothubutu kuidai fidia hiyo mbele ya mahakama kuu za dunia, na njia waliyopita inafundisha mengi. Pili, asbesto haiko mbali nasi. Katika nchi zetu ingali juu ya vichwa vya watoto wanaosoma na wagonjwa wanaolala wodini.

Vumbi lisilosahau

Asbesto ni madini yenye nyuzi. Nyuzi zake haziungui kwa moto, haziozi, na huweza kufumwa kama pamba. Kwa ajili hiyo zilichanganywa na saruji kutengenezea mapaa na mabomba ya maji, zikavikwa kwenye mitambo ya mvuke, zikatiwa katika breki za magari. Lakini uzi wa asbesto ukivunjika hugawanyika kuwa nyuzi nyembamba zaidi ambazo jicho haliwezi kuziona. Zikivutwa pamoja na pumzi, huzama ndani ya mapafu na nyingine hubaki humo maisha yote.

Magonjwa makubwa yatokanayo na vumbi hilo ni matatu. La kwanza ni asbestosisi, yaani mapafu kujaa makovu mpaka mtu ashindwe kupanda hata kilima kidogo bila kutweta. La pili ni saratani ya mapafu, ambayo hatari yake huzidi sana kwa mfanyakazi ambaye pia ni mvutaji wa sigara. La tatu ni mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo, ambayo kwa kawaida haimpi mgonjwa muda mrefu baada ya kugunduliwa. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani.

Kuna jambo moja ambalo mwenye kudai haki lazima alielewe tangu mwanzo. Magonjwa haya hayaji siku ile ile. Huchukua miaka 20, 40, na pengine zaidi kujitokeza. Kijana aliyeanza kazi akiwa na miaka 20 huenda akaanza kukohoa akiwa mzee wa miaka 60. Wakati huo kampuni imekwisha kuuzwa, msimamizi amefariki, daftari la mishahara limeliwa na mchwa, na mgonjwa mwenyewe hakumbuki tena vumbi alilolivuta ujanani. Sheria nyingi zilitungwa kwa ajili ya ajali zionekanazo mara moja: mkono uliokatwa na mashine, mguu uliovunjika. Ugonjwa unaokuja baada ya nusu ya maisha huikuta sheria imelala. Hapo ndipo dhuluma inapopata maficho yake.

Waliogonga mawe

Kampuni iitwayo Cape iliundwa Uingereza mwaka 1893 kwa ajili ya kuchimba na kuuza asbesto ya Afrika Kusini. Katika Rasi ya Kaskazini, karibu na mji wa Prieska, ilichimbwa asbesto ya buluu. Huko Penge, katika jimbo ambalo leo linaitwa Limpopo, ilichimbwa ile ya kahawia. Wanaume waliingia mgodini. Wanawake na watoto walikaa chini wakigonga mawe kwa nyundo ili kutenganisha nyuzi na mwamba. Daktari mmoja aliyezuru Penge mwaka 1949 alisimulia baadaye kwamba aliwaona watoto wadogo wakiwa ndani ya magunia makubwa, wakizikanyaga nyuzi ili zishikamane, huku nyuzi nyingine zikimwagwa juu ya vichwa vyao.

Je, hatari hiyo ilikuwa haijajulikana? Ilijulikana. Mwaka 1930 wakaguzi wa serikali ya Uingereza walitoa taarifa juu ya wafanyakazi wa viwanda vya asbesto na maradhi ya mapafu yao, na mwaka 1931 Uingereza ikatunga kanuni za kupunguza vumbi viwandani. Cape yenyewe ilikuwa na kiwanda huko Barking, London. Kwa hiyo pafu la mfanyakazi wa London lilikwisha kuwekewa kanuni miaka 18 kabla ya daktari yule kuwaona watoto wa Penge ndani ya magunia. Tunauliza: pafu la mtoto wa Kiafrika limeumbwa kwa udongo gani hata lisihitaji kulindwa?

Mwaka 1960 madaktari Wagner, Sleggs na Marchand walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote kutoka eneo hilo la migodi ya Rasi. Jambo lililowashtua wasomaji ni kwamba baadhi ya wagonjwa hao hawakuwahi kuajiriwa mgodini. Walikuwa wameishi tu jirani na migodi, na wengine walicheza utotoni juu ya vifusi vyake. Hata hivyo biashara iliendelea. Cape iliuza migodi yake ya Afrika Kusini mwaka 1979. Ikaondoka na faida, vumbi ikaliacha.

Sheria za fidia za migodini nazo, wakati wa ubaguzi wa rangi, zilimpa mchimbaji mweusi kiasi kidogo kuliko mweupe kwa ugonjwa ule ule. Tofauti hiyo haikuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1993.

Fimbo ya mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Waliougua wa Prieska na Penge hawakuwa na fimbo ya karibu, kwa maana Cape haikuwa tena na mali nchini mwao. Basi mwezi Februari 1997 wadai watano walifungua kesi Uingereza, yalipokuwa makao makuu ya kampuni. Kesi hiyo inajulikana kama Lubbe dhidi ya Cape. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: wakuu wa kampuni mama huko London walijua hatari ya asbesto na walikuwa na uwezo juu ya kazi za Afrika Kusini, nao hawakuchukua hatua za kuwalinda wafanyakazi na wakazi wa jirani.

Kampuni haikuanza kwa kujibu kama ni kweli au si kweli. Ilijibu kwamba mahali pa kesi ni Afrika Kusini, maana huko ndiko watu walikougulia. Jibu hilo lina sura ya busara. Lakini katika Afrika Kusini ya siku zile hapakuwa na msaada wa fedha za kisheria kwa madai ya namna hiyo, na wadai wengi walikuwa maskini kabisa. Kuwaambia warudi kwao ilikuwa sawa na kumwelekeza mwenye kiu kwenye kisima kisicho na kamba wala ndoo.

Mabishano juu ya mahali pa kusikiliza kesi peke yake yalichukua zaidi ya miaka mitatu. Wadai walishindwa, wakashinda katika rufaa, wakashindwa tena mwaka 1999. Hatimaye, mwezi Julai 2000, majaji watano wa Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, waliamua kwa kauli moja kwamba kesi iendelee huko huko. Lodi Bingham alieleza kwamba wadai wasingeweza kupata mawakili wala wataalamu wa kutoa ushahidi nchini mwao, na kwa hiyo kuisimamisha kesi kungekuwa kuwanyima haki. Serikali ya Afrika Kusini nayo iliomba kusikilizwa, ikawaunga mkono wananchi wake. Wakati huo wadai walikuwa wamezidi 3,000.

Uamuzi huo haukuwafaa wao peke yao. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanavijiji wa Zambia, kutoka Chingola, kuishitaki huko huko Uingereza kampuni ya Vedanta na kampuni yake tanzu juu ya madai ya kuchafuliwa maji yao na mgodi wa shaba. Mahakama ilizingatia jambo lile lile: je, maskini hao wangeweza kweli kupata haki nyumbani?

Ushindi wenye machozi

Hata hivyo hatutaki kumdanganya msomaji kwa kumpa hadithi tamu. Mwezi Desemba 2001 Cape ilikubali kulipa pauni milioni 21 kwa wadai wapatao 7,500. Fedha hazikulipwa, kampuni ilisema haina uwezo, na mapatano yakavunjika mwaka 2002. Mwezi Machi 2003 ilifikiwa suluhu nyingine, na safari hii Cape ililipa pauni milioni 7.5. Ukizigawa sawasawa, ni kama pauni 1,000 kwa mtu. Kampuni ya Gencor, iliyokuwa na migodi ya asbesto pia, iliongeza fedha zake. Hapakutolewa hukumu yoyote ya kutamka nani mwenye kosa, na wengi wa wadai walikwisha kuzikwa kabla ya kuona senti moja.

Lakini yako mambo mawili mema yaliyozaliwa na taabu hiyo. La kwanza ni mfuko wa amana ulioanzishwa mwaka 2003 kwa zaidi ya randi milioni 380 za Gencor, ili kuwafidia wagonjwa wengine ambao hawakuwa na kesi, wakiwamo baadhi ya walioishi tu karibu na migodi. Tuangalie fedha hizo zilivyopatikana. Gencor ilikuwa inataka kugawa kwa wanahisa wake mali kubwa iliyokuwa nayo katika kampuni ya platini. Mawakili wa wagonjwa waliwahi mahakamani kuzuia mgawo huo mpaka madai ya wagonjwa yatengewe fungu. Wangechelewa, wangekuta ghala tupu. Mwaka 2006 ulifuata mfuko mwingine, wa Kgalagadi, kwa ajili ya waliofanya kazi katika migodi mingine ya Rasi ya Kaskazini. La pili ni kwamba mwaka 2008 Afrika Kusini, nchi iliyokuwa mchimbaji mashuhuri wa madini hayo, ilipiga marufuku matumizi ya asbesto.

Mambo ya kujifunza

Kutokana na habari hiyo tunaona mambo matano ambayo kila mfanyakazi, chama cha wafanyakazi na familia inafaa kuyashika, iwe ni kwa asbesto au kwa ugonjwa mwingine wowote wa kazini.

Kwanza, tunzeni kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Barua ya ajira, hati ya mshahara, kitambulisho cha kazini, kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, hata picha iliyopigwa mkiwa na sare za kiwandani, vyote ni ushahidi. Aliyeugua kwa kuishi jirani na kiwanda anahitaji uthibitisho kwamba aliishi hapo: kadi ya zahanati, rejesta ya shule, kitabu cha ubatizo cha parokia. Majina ya wenzenu mliofanya nao kazi yaandikeni mkiwa bado mnayakumbuka.

Pili, mwelezeni daktari historia yote ya kazi, tangu ile ya kwanza. Kikohozi na kukonda vinaweza kudhaniwa ni kifua kikuu, na mgonjwa akapewa dawa isiyomhusu. Picha ya eksirei na jina sahihi la ugonjwa ndivyo vinavyosimama mahakamani. Huko Afrika Kusini sheria inaruhusu hata mapafu ya mchimbaji aliyefariki kuchunguzwa, kwa ridhaa ya familia, ili wajane na yatima wasipoteze haki yao. Wengi huona uzito kukubali, nasi tunaelewa. Lakini wakati mwingine maiti ndiye shahidi wa mwisho aliyebaki.

Tatu, msingoje. Kila sheria ya madai ina ukomo wa muda. Katika nchi kadhaa muda wa ugonjwa wa aina hii huhesabiwa tangu mtu alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba anaumwa na chanzo chake ni nini. Lakini kuanzia hapo siku hukimbia. Nendeni mapema kwa mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria.

Nne, unganeni. Watu watano walifungua mlango. Maelfu ndio waliowafanya wenye kampuni wakae mezani. Wakazi wa Prieska waliunda chama chao wenyewe, wakaorodhesha wagonjwa nyumba kwa nyumba. Umoja pia huwakinga maskini na wale wanaojitia kuwa wasaidizi, ambao huja na karatasi za kutiwa sahihi na kuondoka na nusu ya fidia. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa.

Tano, mtafuteni mwenye mali wa kweli. Jina lililoandikwa langoni huenda likawa la kampuni tanzu isiyo na kitu. Ulizeni nani anaimiliki, yuko nchi gani, na kama anataka kuuza au kugawa mali yake.

Kwetu nyumbani

Sisi wa Afrika Mashariki tungefanya kosa kuisoma habari hii kama hadithi ya nchi ya mbali. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini mapaa yaliyoezekwa kabla ya hapo hayakushuka kwa sheria kutangazwa. Yako juu ya shule, hospitali, nyumba za watumishi, na majengo ya taasisi za dini pia. Tanzania nayo inayo mapaa na mabomba ya namna hiyo yaliyosalia tangu zamani.

Paa zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Hatari huamka linapozeeka, linapopasuka, na hasa linapoondolewa. Hapo huitwa vibarua, vijana wasio na ajira, wapewe nyundo na msumeno bila kinga ya pua wala maelezo. Huyavunja mabamba, huyatupa chini, hufagia vumbi, na jioni hurudi na nguo zile zile kuwakumbatia watoto wao. Vipande hubebwa kujengea mabanda ya kuku au kufukia mashimo ya njia. Huyo kibarua wa leo ndiye mgonjwa wa miaka 30 ijayo. Nani atakayekumbuka jina lake? Hakuandikwa popote.

Kwa hiyo twasema: asbesto isikatwe kwa msumeno, isipigwe nyundo, isifagiliwe ikiwa kavu. Iloweshwe maji, iteremshwe nzima na watu waliofundishwa na wenye vifaa vya kinga, ifungwe vizuri, na izikwe mahali palipoidhinishwa na mamlaka ya mazingira. Na kila aliyeifanya kazi hiyo aandikwe jina, tarehe na mahali, na nakala apewe mwenyewe.

Sheria zipo. Kenya inayo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi; madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Tanzania Bara inayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015. Michango ya mfuko huo hutolewa na mwajiri, si kwa kukatwa mshahara wa mfanyakazi. Lakini sheria ni kama jembe: lisiposhikwa na mtu halilimi. Ni wafanyakazi wangapi wanaojua kwamba ugonjwa wa mapafu unaweza kuwa dai, na si bahati mbaya tu? Ni waajiri wangapi huwaajiri vibarua bila kuwaandika kwa makusudi, ili kesho wasiweze kuthibitisha kitu?

Swali hilo hatuwaulizi wenye viwanda peke yao. Taasisi zetu wenyewe, zenye shule, hospitali na nyumba za kupanga, ni waajiri. Hatuwezi kuhubiri haki ya mfanyakazi Jumapili na kumpandisha kibarua juu ya paa la asbesto Jumatatu bila kinga. Kila msimamizi wa majengo na atazame juu, ajue kile kilichoko hapo, kabla ya kumwita fundi.

Fidia haimrudishii mtu pumzi yake. Pauni 1,000 hazikumrudishia mjane yeyote wa Prieska mume wake. Kwa nini basi watu walihangaika miaka sita kwa ajili yake? Tunaamini ni kwa sababu fidia husema jambo ambalo sadaka haiwezi kulisema. Sadaka husema, "Pole." Fidia husema, "Ulidhulumiwa, na aliyekudhulumu anajulikana." Tena humfunza mwenye mali kwamba pafu la maskini lina gharama, ili mara nyingine ahesabu kabla ya kuliharibu. Jirani aendelee kuleta uji. Lakini deni na alipe mwenye deni.